Hapana ya Kaka Yangu

Nyumbani kwetu ukisikia umesifiwa, kapime afya. Marehemu baba alinipenda sana, na ushahidi ni kwamba mpaka anaingia kaburini hakuwahi kuniita jina zuri. Akiniona natoka shule alimwambia mama, "Mzigo wako umerudi, upokee." Mama naye akimpakulia kaka kipande kikubwa cha nyama, humwambia ale haraka apate nguvu za kuhama. Wageni wakitutembelea hudhani wameangukia katikati ya ugomvi, na baadhi wameshajaribu kutusuluhisha. Wakikaa kidogo ndipo wanapogundua kwamba hapo tunabembelezana.

Tuko wawili tumbo moja. Kaka ni fundi wa friji, mtaa mzima unamwita Jokofu. Mimi ni msusi, na ndiye aliyenipachika jina la Chiriku, eti mteja akitoka kwenye kiti changu anakuwa na nywele mpya na masikio yaliyochakaa.

Nilianza kwa kuchoka. Msusi kuchoka si habari, siku nzima umesimama na kichwa cha mtu mikononi, kwa hiyo sikujali. Kisha mapaja yakaota madoa ya bluu bila mtu kunigusa, na nikipiga mswaki povu linatoka jekundu. Jokofu akasema ni ulimi wangu, umenoleka mpaka umeanza kukata ndani kwa ndani. Hospitali wakasema ni saratani ya damu. Dawa za kwanza zilininyoa kichwa kikabaki kinang'aa. Mteja wangu mmoja alikuja kunitazama wodini, akakikodolea macho kichwa kile kwa huruma, nikamwambia asihofu, huo ni mtindo mpya, na akitaka nitamfanyia na yeye.

Zile dawa zilinipa nafuu, ila nafuu ya kuazima. Daktari wa damu, mwanamume mnene mpole anayevaa raba kama anasubiri mechi, alituita ofisini kwake: mama, shangazi, Jokofu na mimi. Akatueleza kwamba ndani ya mifupa mna uboho, na ndani ya uboho mna seli shina, ambazo ndizo mama wa damu yote. Zinazaa chembe nyekundu za kubeba hewa, nyeupe za kupigana na magonjwa, na zile za kugandisha damu mtu akijikata. Kiwanda changu, alisema, kinatoa bidhaa mbovu, na kukikarabati hakusaidii tena. Inabidi kukifuta chote kwa dawa kali, halafu nipandikizwe seli shina za mtu mwingine zijenge upya. Mtu huyo lazima alingane nami kwa alama fulani zilizo kwenye seli, na wa kwanza kupimwa ni ndugu wa baba mmoja, mama mmoja.

Basi wakampima Jokofu. Majibu yakasema tunalingana barabara. Jokofu akasema hilo ni tusi, akaomba kipimo kirudiwe.

Shangazi, ambaye ni fundi cherehani na mcha Mungu, alikuwa na swali lake. Alikuwa amesikia kwamba hizi seli shina hutolewa kwenye vitoto ambavyo havijazaliwa, na kama ni hivyo yeye hatakaa chumba kimoja na jambo hilo. Nilitaka kuzama chini ya meza. Daktari hakucheka. Alimwambia swali lake ni la haki kabisa. Kuna watafiti, alisema, wanaotumia seli za viinitete vilivyobaki maabara, vya wanandoa waliokuwa wakitafuta mtoto, na watu wenye akili na wenye imani wanabishana mpaka leo kama ni halali, na yeye mwenyewe anabishana na mke wake. Lakini za kwetu zingetoka kwa huyu hapa, mtu mzima mwenye ndevu, anayeweza kuulizwa. Shangazi akamkagua Jokofu kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema ndevu anaziona, ila utu uzima ana wasiwasi nao.

Hilo la kuulizwa ndilo lililotufikisha pabaya.

Daktari alisema hakuna kitakachoanza mpaka Jokofu akae peke yake na mshauri wa watoaji, mtu asiyehusika na matibabu yangu hata kidogo. Kazi yake ni kumlinda anayetoa. Mama akashangaa: waongee nini tena wakati tumeshakubali? "Wewe ndiye uliyekubali, mama," daktari akasema. Kwenye chumba hicho kaka angeweza kusema hapana, na asingeulizwa na yeyote, wala sisi tusingeambiwa sababu maisha yetu yote. Na kama ni hapana, aiseme mapema, kwa sababu nikishachomwa ile dawa ya kufuta kiwanda, bila seli zake sitarudi.

Jokofu akaingia chumba cha mshauri. Alipotoka alikuwa amejaa tabasamu. Akatuambia yule mama mwenye miwani ya kamba ni mtu safi sana, anajua utani kuliko sisi sote, na ana uso mkavu ambao hajapata kuuona tangu baba afariki.

Baada ya siku chache daktari akatuita tena. Hakukaa kwenye kiti chake, aliegemea meza. Akasema hawataendelea na kaka, hafai kutoa, na sababu ni faragha yake. Wataanza kutafuta mtu baki kwenye orodha za watoaji, za hapa na za ng'ambo. Anaweza kupatikana, anaweza asipatikane, na ugonjwa wangu hauna adabu ya kusubiri.

Hakuna aliyefanya mzaha ndani ya ofisi ile. Nilimtazama Jokofu, nikaona amekuwa rangi ya majivu, mdomo wazi. Yeye ndiye aliyeshtuka kuliko wote.

Nilirudi kitandani kwangu nikajifunika shuka mpaka puani. Nilikuwa sijawahi kuogopa kifo sawasawa. Nilikuwa naogopa juujuu, kama mtu anayeogopa mbwa aliyefungwa. Siku ile mnyororo niliusikia ukikatika.

Mama alikuwa na mgonjwa mmoja, ghafla akawa na wawili. Maana tulivyoelewa sisi, kama Jokofu hafai basi vipimo vimemkuta na kitu, na kama daktari anakificha basi ni kitu kibaya. Yeye mwenyewe alielewa hivyohivyo. Kumbuka huyu ni mtu anayepachua mgongo wa friji linalopiga shoti bila hata kuvaa viatu, lakini majibu ya hospitali anayakimbia kama deni. Hakwenda kuuliza. Mshauri akawa anampigia simu, naye akiiona namba ya hospitali anaiacha iite mpaka ichoke. Alifikiri anapigiwa kuambiwa amebakiza muda gani.

Shangazi ndiye aliyekuja na karatasi ya matangazo. Kuna zahanati imefunguliwa, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro, wanachoma sindano za seli shina bila kupima ulinganifu wala kuuliza mtu maswali. Karatasi ilikuwa na picha ya mzee anayeruka kamba. Magonjwa yanayotibiwa yalikuwa yamepangwa kuanzia kisukari na kiharusi, yakapita upara, yakaishia kwenye ndoa. Mama aliipapasa karatasi ile kama kitabu kitakatifu. Nikawaambia nikienda pale nitatoka nimepata nywele na mume, na saratani nitarudi nayo nyumbani. Hawakucheka, na hapo nikaona jinsi walivyokata tamaa.

Nilimpa daktari karatasi ile mbele yao. Akaisoma yote, kwa heshima, mpaka namba ya simu. Akasema kupandikiza seli shina kumeponya watu wengi wenye magonjwa ya damu, na watafiti wanahangaika kuona kama zitasaidia na moyo, na macho, na uti wa mgongo, na siku moja pengine zitasaidia. Lakini wanaofanya kazi hiyo kwa uaminifu utawajua kwa maswali yao mengi na ahadi zao chache. Anayeponya kila kitu kwa sindano moja hajui hata ndani ya sindano mna nini. Mama akaikunja karatasi, akaikunja tena, ikawa ndogo kama punje, asijue aiweke wapi.

Kisha Jokofu akaja kunitazama akiwa na adabu.

Hapo ndipo nilipotishika kweli. Aliingia amevaa barakoa, ameshika chupa ya maji, akasema, "Pole sana, mdogo wangu." Mdogo wangu! Tangu nizaliwe nilikuwa sijalisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Akaninyooshea mto. Akaniuliza kama nahitaji chochote, kwa sauti ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu. Akaniambia koleo zake nzuri na ile pampu ya gesi amemwachia rafiki yake fundi mwenzake, maana yeye hazitamfaa tena. Nikajua tumekwisha, familia nzima.

Nikamuuliza walimkuta na nini. Akasema hajui. Nikamuuliza mara ya mwisho walimpima lini. Akafikiri, akasema vipimo vyote vilikuwa safi, daktari alimwambia hivyo kwa mdomo wake. Baada ya hapo hakuchomwa tena sindano, aliongea tu na yule mama wa miwani.

"Mliongea nini?"

Akaanza kusimulia, na kadiri alivyosimulia ndivyo adabu ilivyomtoka na yeye mwenyewe akarudi. Mama yule alimweleza hatari zote kubwa na ndogo, akamweleza haki zake, mwisho akamuuliza kama anataka kumtolea mdogo wake seli. Naye akamjibu: "Yule? Hapana. Mwacheni aende salama. Mimi siwezi kuulisha mdomo ule kwa damu yangu, na chumba chake nimeshakipigia mahesabu." Mama yule akamtazama bila hata kope kucheza, akasema amemwelewa, na hakuna atakayejua. Jokofu akaona kumbe amepata saizi yake, akaongezea: "Tena usiwaambie kabisa. Mama yetu ataniua." Yule mama akaandika. Wakaagana kwa mkono.

Nilicheka mpaka sindano ya dripu ikachomoka na mashine ikaanza kupiga kelele. Nesi alikuja mbio akakuta mgonjwa wa saratani anagaragara, na mgeni wake amesimama katikati ya chumba ameshika kichwa, anasema, "Nilikubali! Mimi pale nilikubali!" Na kweli, kwa lugha ya kwetu alikuwa amekubali kwa moyo wote. Ni vile tu alikubalia kwenye chumba kimoja duniani ambamo neno la mtu huchukuliwa kama lilivyo.

Nesi alirudisha sindano, akatufokea, akaondoka. Kicheko kikaisha. Nikamtazama kaka yangu, na badala ya kufurahi nikasita. Ningeweza kumwambia akimbie sasa hivi, ashuke ngazi, akaitengue ile hapana kabla ofisi hazijafungwa. Roho yangu ilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Lakini nilikuwa najua jambo moja ambalo yule mama wa miwani asingeweza kulijua. Watani tunaficha vitu kwenye mzaha. Ukitaka kusema la kweli bila kukamatwa, unalichanganya humo.

"Ulikuwa unatania lote?" nikamuuliza.

Akaenda dirishani, akaangalia watu wanaopita uani kwa muda. Akaniambia alishaiona ile mashine, damu inatokea mkono huu, inazungushwa, inarudia mkono ule, na hiyo ilimtisha kidogo. Lakini sababu haikuwa hiyo.

"Zikikukataa?" akasema, bado amenipa mgongo. "Ukifa kwa ugonjwa, umekufa kwa ugonjwa. Ukifa na seli zangu ndani yako, nitamtazamaje mama?"

Nilikuwa sijawahi kufikiri hivyo. Wagonjwa tuna ubinafsi wetu. Nilidhani anayetoa anatoa kitu halafu anakwenda kula chakula. Kumbe anayekupa uhai na yeye anaingia hatarini, na nesi hamwekei kitanda.

Nikatafuta utani wa kumjibu, nikaukosa. Kwa hiyo nikasema maneno makavu, ya kwanza kati yangu na yeye, na yalinitoka kama jino: "Una ruhusa ya kukataa. Kweli kabisa. Ukikataa bado utakuwa kaka yangu, na mama sitamwambia chochote." Akachukua chupa yake ya maji akaondoka, na mimi nikabaki nimeshika ukingo wa kitanda, nikijiuliza ni mpumbavu gani anayefungua mlango wa ngome yake mwenyewe.

Mama aliniletea uji, ukapoa mezani. Alidhani nimezidiwa. Nilikuwa namsubiri mtu ambaye sikuwa na haki ya kumsubiri.

Kesho yake mchana daktari aliingia na raba zake, anatembea haraka kuliko kawaida. Akasema hali ya mtoaji imebadilika, na kama niko tayari, tunaanza. Hakueleza zaidi. Mama alipiga magoti palepale sakafuni, shangazi akamshikia mkoba, na mimi nikajifunika tena shuka, safari hii nikilia kwa raha.

Siwezi kusema yaliyofuata yalikuwa mepesi. Jokofu alichomwa sindano za kuzisukuma seli zitoke mifupani ziingie kwenye damu, akaumwa mgongo na nyonga kama mtu aliyeangukiwa na friji la milango miwili, na akahakikisha mtaa mzima unajua. Mimi nilichomwa ile dawa kali na kutapika mpaka matapishi ya utotoni. Siku yenyewe nilitarajia angalau kengele ilie. Nesi alikuja na kifuko kidogo chenye maji mekundu yaliyofifia, kama juisi iliyozidishwa maji na mwenye nyumba mchoyo, akakitundika, kikadondoka tone kwa tone mpaka kikaisha. Basi. Kaka yangu mzima alikuwa ameingia.

Zikaanza siku za kusubiri kuona kama zitashika. Mdomo wangu ulijaa vidonda nikashindwa kusema hata neno, na Jokofu, akinitazama kupitia kioo cha mlango, akaandika kwenye karatasi kwamba seli zake zimeanza kufanya kazi nzuri. Nilijua basi kwamba adabu imemtoka kabisa, na nikapata nguvu. Kisha asubuhi moja daktari akaja na majibu ya damu, akayasoma mara mbili kwa sauti: chembe nyeupe zimeanza kuonekana, mpya, na si zangu. Zimeshika. Baadaye ziligombana kidogo na ngozi yangu, nikawashwa mwili mzima, nami sikushangaa, mwenye nazo tunamjua. Leo nimerudi saluni, nywele zimeota, na hata kundi langu la damu limehamia la Jokofu.

Nilipopata ruhusa ya kutembea peke yangu nilikwenda kumshukuru yule mama wa miwani. Akasema nimekosea mlango, yeye hakunitibu. Nikamwambia namshukuru kwa kumsikiliza kaka yangu alipokataa. Yeyote kati yetu angecheka, angempiga kibao mgongoni, angemwambia acha upuuzi twende kwenye mashine, naye angekwenda, na mimi ningepona labda. Lakini maisha yangu yote ningekuwa nimebeba kitu ambacho mwenyewe hakuulizwa hasa. Yeye aliichukua ile hapana akaifungia kabatini kama kitu cha thamani. Kwa hiyo neno ndiyo lilipokuja, lilikuwa lake mwenyewe. Mama yule alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka, akasema mazungumzo ya chumba kile hayazungumzii, ila ananitakia heri.

Kwa hiyo yaliyosemwa siku ile kaka aliporudi kwa mshauri nimeyapata kwa Jokofu mwenyewe, na nimeyapata juzi tu. Nilimpelekea chakula kazini, kwenye bucha ambako alikuwa anatengeneza friji la kuhifadhia nyama, kichwa na mabega yote yakiwa ndani. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Akaanza kusimulia humo ndani, sauti inatoka kama ya mtu aliye kisimani. Alisema mshauri alimuuliza nani amemtuma. Akajibu hakuna, tena mdogo wake ndiye aliyemwambia anaweza kukataa. Mama yule akamwambia haya, sema unachotaka, na unisaidie, useme bila mzaha. Jokofu akajaribu. Kila alipoteleza kwenye utani, mama yule aliweka kalamu chini akangoja. Alisema sindano zote alizochomwa baadaye hazikuuma kama kusubiriwa kule.

"Mwisho ulisemaje?"

Nikasikia bisibisi ikigongagonga bati.

"Nilisema naogopa," akasema. "Nikasema nampenda, nataka aishi."

Nilikuwa na maneno chungu nzima ya kumtania, yalikuwa yanasukumana mlangoni. Nikayaacha yote. Nikamwambia, "Asante, kaka." Mara mota ikashika, friji likaanza kunguruma vizuri, na baridi ikanifikia miguuni. Lilikuwa limepona, hata mwenye bucha alilisikia kutoka nje, akauliza kama kazi imekwisha. Lakini Jokofu hakutoa kichwa. Nikamwambia mwenye bucha bado kidogo, nikaokota tochi iliyokuwa sakafuni, nikamshikia.